Kuhesabu fedha za tozo ya ujuzi Afrika Kusini: mwongozo kamili kwa mhasibu wa SETA

Mhasibu anayeanza kazi SETA hushangazwa na jambo moja. Fedha ipo, benki inakubaliana na vitabu, mishahara imelipwa kwa wakati, na bado mkaguzi anarudi kila mwaka na hoja zilezile: rejista ya ahadi haijakamilika, ruzuku imeingizwa katika mwaka usio wake, gharama za uendeshaji zimebebeshwa miradi. Chanzo mara nyingi ni kimoja. Tozo inaingia benki kwa mkupuo na watu wanaichukulia kuwa fedha moja, wakati kanuni zimekwisha kuigawa kabla haijafika. Ukiitenga siku inapoingia, nusu ya hoja za ukaguzi hazizaliwi. Nusu nyingine inatokana na kuchanganya vitu vitatu: ahadi, deni na matumizi. Hapo ndipo tutakaa zaidi.

Mwongozo huu ni wa anayeandika vitabu vya SETA, yaani mojawapo ya mamlaka za elimu na mafunzo za kisekta zilizoanzishwa chini ya Sheria ya Kuendeleza Ujuzi ya 1998. Leseni za sasa za SETA 21 zilianza 1 Aprili 2020 na zinafika 31 Machi 2030. Sehemu fupi ya mwisho ni ya mhasibu wa mwajiri.

Njia ya fedha na asilimia zake

Kwa mujibu wa Sheria ya Tozo ya Kuendeleza Ujuzi ya 1999, mwajiri hulipa 1% ya jumla ya mishahara. Ambaye jumla hiyo haitarajiwi kuzidi randi 500,000 kwa miezi 12 amesamehewa. Malipo hupelekwa SARS, mamlaka ya mapato, pamoja na fomu ya EMP201 ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. SARS huipeleka kwa Idara ya Elimu ya Juu na Mafunzo, na Idara ndiyo inayoipatia SETA sehemu yake.

Katika kila randi 100 za tozo, randi 20 huenda Mfuko wa Taifa wa Ujuzi na randi 80 hufika SETA. Kanuni za ruzuku zilizotangazwa Desemba 2012 na kuanza kutumika 1 Aprili 2013 zinazigawa hizo 80 hivi: 20 ni ruzuku ya lazima, inayorudi kwa mwajiri aliyetimiza masharti, 49.5 ni ruzuku ya hiari, ambayo SETA yenyewe huamua impe nani, na 10.5 ni uendeshaji.

Tazama vizuri hapa, maana kuna mtego. Asilimia hizo ni za tozo nzima, si za kile kilichoingia kwenye akaunti yako. Ukipokea randi milioni 80 ukazizidisha kwa 20%, utapata milioni 16, na utakuwa umewapunja waajiri milioni 4 kwenye makaratasi. Kwa fedha iliyokwisha kufika SETA, viwango vya kukokotolea ni 25% kwa ruzuku ya lazima, 61.875% kwa ya hiari na 13.125% kwa uendeshaji. Viandike mahali wazi kwenye jedwali lako la kazi, na mtu anayekupokea kazi aonyeshwe vilitoka wapi.

Faini na riba ambazo waajiri hulipa kwa kuchelewesha tozo hazimo kwenye mgawanyo huo. Zinaingia upande wa ruzuku ya hiari, sawa na riba unayopata kwa fedha uliyoweka benki. Wasizihesabu watu wa uendeshaji kuwa nyongeza ya bajeti yao.

Hatua ya kwanza: leja zenye mafungu matatu

Kabla ya muamala wowote, panga mfumo wa akaunti ili kila mstari wa mapato na matumizi ubebe namba ya fungu: uendeshaji, lazima, au hiari. Usitegemee kugawa mwishoni mwa mwaka kwa kutumia jedwali la pembeni. Taarifa za fedha za SETA zina maelezo yanayoonyesha ziada ya mwaka ilivyogawanyika katika mafungu hayo matatu, na mkaguzi atataka kila tarakimu ya maelezo hayo itoke kwenye leja moja kwa moja.

Fungu la hiari linahitaji namba mbili zaidi: namba ya mradi na namba ya mkataba. Mradi mmoja unaweza kuwa na mikataba 40, na mkataba ndio unaozaa deni. SETA zinazoweka namba ya mradi peke yake hujikuta zinatafuta, mwezi wa Mei usiku, mkataba upi ulilipwa na upi bado.

Upande wa mizania, kuna akiba tatu. Akiba ya uendeshaji kwa kawaida hulingana na thamani halisi ya mali za kudumu iliyobaki vitabuni: samani, magari, kompyuta, programu. Akiba ya ruzuku ya lazima hubeba kile ambacho bado kinaweza kudaiwa na waajiri wapya au wenye migogoro halali. Akiba ya hiari ndiyo inayopokea mabaki ya nyingine mbili.

Hatua ya pili: kupokea tozo

Tozo ni mapato yasiyotokana na kubadilishana. Mwajiri halipi kwa sababu SETA imempa kitu chenye thamani hiyo, analipa kwa sababu sheria imemtaka. Kwa hiyo kiwango kinachohusika ni GRAP 23, kimojawapo cha viwango vya uhasibu vya sekta ya umma Afrika Kusini. Utaratibu uliozoeleka kwa SETA ni kutambua mapato pale Idara inapoitengea SETA fedha hiyo au inapoilipa, lolote litakalotangulia. Mwajiri kuwasilisha EMP201 hakutoshi kwako kuandika mapato, kwa kuwa wewe huna njia ya kujua kiasi hicho kwa uhakika mpaka Idara itoe mgao.

Ingizo lenyewe ni rahisi. Mfano, mgao wa mwezi wa randi 8,000,000:

Debiti: Benki (au Wadaiwa – Idara) 8,000,000
Krediti: Mapato ya tozo – uendeshaji 1,050,000
Krediti: Mapato ya tozo – ruzuku ya lazima 2,000,000
Krediti: Mapato ya tozo – ruzuku ya hiari 4,950,000

Ugumu uko kwenye faili linaloambatana na fedha. Kila mwezi utapokea orodha inayoonyesha kila mwajiri kwa namba yake ya tozo, kiasi, na mwezi ambao tozo inauhusu. Oanisha mambo matatu kabla hujafunga mwezi: jumla ya faili, kiasi kilichoingia benki, na jumla iliyoko kwenye mfumo wa ruzuku. Tofauti ndogo usiiache ipite kwa hoja kwamba itajirekebisha mwezi ujao. Haijirekebishi, inakua, halafu inakosa mwenyewe.

Ndani ya faili utakuta pia tarakimu hasi. Hizi ni marekebisho ya SARS: mwajiri alikosea kujaza fomu miaka miwili nyuma, amerekebisha, na SARS imemrudishia. Rekodi hasi kama punguzo la mapato kwa mafungu yaleyale matatu. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: je, mwajiri huyu alishalipwa ruzuku ya lazima juu ya tozo iliyorudishwa? Kama ndiyo, amelipwa zaidi, na sasa anadaiwa na SETA. Tutarudi hapo.

Utakuta vilevile waajiri wanaohama. Kampuni iliyosajiliwa kwa msimbo wa shughuli usio sahihi inahamishiwa SETA nyingine, na tozo yake ya nyuma inaifuata. Uhamisho huu uupe akaunti yake, usiuchanganye na tozo ya kawaida. SETA zote ziko chini ya Waziri mmoja, kwa hiyo miamala na mabaki kati yenu huonyeshwa kwenye maelezo ya wahusika wenye uhusiano.

Hatua ya tatu: ruzuku ya lazima

Mwajiri anapata ruzuku ya lazima kwa kuwasilisha mpango wa mafunzo wa mwaka ujao pamoja na ripoti ya mafunzo ya mwaka uliopita, kabla ya kupita 30 Aprili. Malipo hufanywa kila robo mwaka, kadiri tozo ya mwajiri huyo inavyoingia.

Deni linazaliwa lini? Si siku unayolipa. Mwajiri aliyetimiza masharti na tozo yake imefika ana haki ya 20%, kwa hiyo kila mgao unapoingia andika:

Debiti: Matumizi – ruzuku ya lazima
Krediti: Ruzuku ya lazima ya kulipwa

Kwa waajiri ambao mpango wao umekubaliwa, kazi imekwisha. Ugumu ni kwa ambao mpango wao haujakubaliwa lakini muda wa kuuwasilisha haujapita, na wale wapya wenye miezi 6 tangu kusajiliwa. Hao watengee deni kwa makadirio, ukitumia uwiano wa waliokubaliwa miaka iliyotangulia, na uweke hesabu ya makadirio hayo kwenye faili. Mkaguzi hatagombana na makadirio yenye msingi. Atagombana na tarakimu iliyoandikwa kwa mkono juu ya karatasi isiyo na tarehe.

Fedha ya lazima isiyodaiwa haibaki hapo milele. Kanuni zinataka ihamishiwe fungu la hiari ifikapo 15 Agosti. Huu ni uhamisho kati ya akiba, wala si mapato mapya. Nimeona vitabu vilivyoandika uhamisho huu kama mapato ya hiari. Mapato ya mwaka yakavimba kwa fedha ambayo ilikwisha kuhesabiwa mara moja.

Kuna jambo la kisheria lazima ulijue kwa sababu linagusa maelezo ya hesabu. Kabla ya kanuni za 2012 ruzuku ya lazima ilikuwa 50% ya tozo. Kushushwa hadi 20% kulipingwa mahakamani na BUSA, umoja wa wafanyabiashara, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ya Kazi ikaamua upande wa BUSA. SETA ziliendelea kulipa 20% huku zikilieleza suala hilo kwenye taarifa zao. Kwa mhasibu, somo ni la GRAP 19: pale kiwango kinapobishaniwa na huwezi kupima dai kwa uhakika, huandiki deni kwa kubahatisha, na hunyamazi pia. Unaeleza dhima inayoweza kutokea, chanzo chake, na kwa nini haijapimwa. Kila mwaka fungua upya maelezo hayo, usiyanakili yalivyo.

Hatua ya nne: ruzuku ya hiari, na tofauti ya ahadi, deni na matumizi

Hili ndilo fungu kubwa, na ndilo lenye hoja nyingi za ukaguzi. Ruzuku ya hiari hulipia uanagenzi, mafunzo ya ufundi, ufadhili wa masomo, nafasi za mafunzo kazini na utafiti wa sekta. Mikataba yake huvuka mwaka wa fedha, hulipwa kwa awamu, na wanafunzi huacha katikati.

Fikiria mkataba unapitia hali tano. Bodi imeidhinisha lakini hakuna kilichosainiwa: hapo una nia, hakuna cha kuandika kwenye leja. Mkataba umesainiwa na pande zote: sasa una ahadi, inayoonyeshwa kwenye maelezo ya hesabu tu, nje ya mizania. Mtoa mafunzo ametimiza sharti la awamu: ahadi inapungua, matumizi na deni vinazaliwa. Umelipa: deni linaondoka. Umelipa kabla sharti halijatimizwa: hujatumia bado, una malipo ya awali, nayo ni mali upande wa wadaiwa.

Mkanganyiko mkubwa uko katikati, pale sharti linapotimizwa. Watu wengi hutumia tarehe ya ankara. Ankara ni karatasi ya kuomba malipo. Kinacholeta deni ni kazi kufanyika na ushahidi wake kukubalika.

Chukua mkataba wa wanafunzi 100, kila mmoja randi 60,000, jumla randi 6,000,000, mafunzo ya miezi 12 kuanzia 1 Oktoba. Masharti ya malipo: 30% baada ya mikataba ya wanafunzi kusajiliwa na mafunzo kuanza, 40% baada ya ripoti ya nusu muhula kukaguliwa, 30% baada ya kumaliza. Oktoba wanafunzi wote 100 wamesajiliwa, randi 1,800,000 zimelipwa. Januari wanafunzi 8 wameacha. Machi maofisa wa SETA wamefika kituoni, wamekagua ripoti ya nusu muhula na kuikubali. Ankara imeletwa 17 Aprili. Mwaka wa fedha umefungwa 31 Machi.

Awamu ya kwanza ilishatimiza sharti lake, ni matumizi kamili: 1,800,000. Awamu ya pili sharti lake limetimia Machi, kwa wanafunzi 92 waliobaki, kila mmoja 24,000. Hiyo ni 2,208,000, inaingia mwaka huu kama malimbikizo hata kama ankara ilikuja Aprili:

Debiti: Matumizi – ruzuku ya hiari, mradi husika 2,208,000
Krediti: Malimbikizo ya ruzuku za hiari 2,208,000

Awamu ya tatu bado. Wanafunzi 92 kwa 18,000 ni 1,656,000, na hicho ndicho kiasi cha ahadi kitakachoonekana kwenye maelezo. Wale 8 walioacha walikuwa na 42,000 kila mmoja ambazo hazitalipwa tena, jumla 336,000. Kiasi hiki ondoa kwenye rejista ya ahadi na ukirudishe kwenye fedha isiyo na ahadi. Jumlisha zote: 1,800,000 na 2,208,000 na 1,656,000 na 336,000 zinarudi kuwa 6,000,000. Kila mkataba kwenye rejista lazima ufunge namna hii. Usipofunga, kuna tukio hukuambiwa.

Na mara nyingi kweli hukuambiwa. Wanafunzi wanaoacha hujulikana na maofisa wa miradi miezi mingi kabla ya idara ya fedha. Ndiyo maana rejista ya ahadi isiwe ya idara ya fedha peke yake. Ofisa wa mradi asaini mabadiliko kila mwezi: walioanza, walioacha, waliobadilishwa, mikataba iliyoongezwa muda, iliyovunjwa. Mhasibu asaini kwamba mabadiliko yamefika kwenye leja. Saini mbili hizo zina thamani kuliko programu yoyote ya gharama.

Safu ambazo rejista haiwezi kukosa ni namba ya mkataba, jina la mpokeaji, tarehe ya idhini ya bodi au mwenye mamlaka, tarehe ya saini ya mwisho, tarehe ya kuanza na kumaliza, idadi ya wanafunzi ya awali na ya sasa, thamani ya awali, nyongeza, punguzo, matumizi ya miaka iliyopita, matumizi ya mwaka huu, na bakaa. Tarehe ya saini ya mwisho ina uzito wake. Mkataba uliosainiwa na SETA 28 Machi na mpokeaji 4 Aprili si ahadi ya mwaka huu, hata mkurugenzi asononeke vipi.

Na atasononeka, kwa sababu kanuni zinataka angalau 95% ya fedha ya hiari iwe imetumika au imeahidiwa ifikapo 31 Machi, na kinachovuka kisizidi 5%. Shinikizo hilo huzaa mikataba ya haraka haraka mwezi Machi. Mhasibu hawezi kuizuia, lakini anaweza kukataa kuingiza kwenye rejista kitu ambacho hakina saini zote. Vilevile pitia mikataba ya zamani iliyolala: mradi uliokwisha miaka mitatu iliyopita na bado una bakaa ya ahadi unaifanya SETA ionekane imetimiza 95% wakati haijatimiza. Fedha hiyo ilipaswa kuachiliwa iende kwa wanafunzi wengine.

Kanuni pia zinaelekeza 80% ya fedha ya hiari iende kwenye mafunzo yanayoishia kwenye sifa kamili za kitaaluma, kitaalamu au kiufundi, yaani yale ya PIVOTAL. Weka alama ya PIVOTAL kwenye kila mkataba tangu mwanzo. Kukumbuka baadaye ni kazi ya kufungua mafaili moja moja.

Hatua ya tano: gharama za uendeshaji

Hapa 10.5% ndiyo dari. Ndani yake kuna mishahara ya watumishi wa kudumu, pango, posho za vikao vya bodi, ada ya ukaguzi, mifumo ya kompyuta, na pia mchango wa QCTO, baraza linalosimamia ubora wa sifa za kazi na ufundi, ambao unafika hadi 0.5% ya tozo nzima. Kwa maneno mengine SETA yenyewe hubaki na takriban 10% ya kujiendesha. Bajeti inayosahau QCTO huanza mwaka ikiwa na shimo.

Kishawishi kikubwa ni kusukumia gharama upande wa miradi. Kanuni zinaruhusu hadi 7.5% ya fedha ya mradi itumike kuusimamia mradi huo, na ruhusa hiyo ni halali kabisa: ofisa aliyeajiriwa kwa mkataba wa kufuatilia mradi fulani, safari za ukaguzi wa vituo vya mradi huo, matangazo ya kutafuta waombaji wake. Kisichoruhusiwa ni kuchukua mshahara wa meneja wa fedha na kuugawa kwenye miradi kwa sababu fungu la uendeshaji limekauka.

Kipimo ninachopendekeza: uliza kama gharama ingekuwapo mradi usingekuwapo. Ingekuwapo, ni ya uendeshaji. Isingekuwapo, ni ya mradi, na iwe na ushahidi: karatasi za muda wa kazi kwa watumishi, vocha za safari zenye namba ya mradi, barua ya ajira inayotaja mradi. Mtumishi anayehudumia miradi mitatu agawanywe kwa saa alizofanya kazi, na saa hizo ziandikwe wiki kwa wiki. Mgawanyo wa theluthi kwa kila mradi, usiobadilika mwaka mzima, humwambia mkaguzi kwamba hakuna aliyeandika kitu.

Ununuzi wa mali za kudumu hutoka kwenye fedha ya uendeshaji lakini hauonekani wote kwenye matumizi ya mwaka. Uchakavu peke yake ndio unaoonekana. Kwa hiyo fuatilia dari kwa njia mbili, matumizi ya leja na fedha iliyotoka pamoja na ununuzi wa mali. SETA inaweza kuonekana iko chini ya 10.5% kwenye taarifa ya mapato na matumizi, kumbe imenunua magari na seva na fedha imekwisha. Fanya ulinganisho huu kila mwezi, ukiupima dhidi ya tozo iliyokwisha kupokelewa badala ya bajeti. Tozo ikishuka, dari inashuka nayo. Mwaka 2020 serikali iliwapa waajiri likizo ya miezi minne ya kutolipa tozo kuanzia Mei, na walioendelea kutumia kwa bajeti ya awali walijikuta pabaya. Kuvuka dari bila idhini ni matumizi yasiyofuata utaratibu, na yana maelezo yake maalum kwenye hesabu.

Hatua ya sita: fedha inayorudi

Makundi mawili. La kwanza ni waajiri wadogo waliosamehewa lakini wakalipa kwa kutojua. Fedha yao si mapato, kwa kuwa wanaweza kuidai. Iweke kwenye tengo, mwajiri kwa mwajiri. Muda wa kudai ni miaka 5 kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa kodi. Ukipita, fedha inahamia fungu la hiari. Tunza umri wa kila kiasi kwenye jedwali moja, mwaka kwa mwaka, ili uhamisho wa kila mwaka uwe jambo la dakika kumi.

La pili ni wale waliolipwa ruzuku ya lazima kupita kiasi baada ya SARS kurekebisha tozo yao. Waandike kuwa wadaiwa. Njia rahisi ya kurejesha ni kukata kwenye ruzuku yao inayofuata. Ambaye ameacha kuwasilisha mipango, au ameshafunga biashara, pima uwezekano wa kulipwa na uweke tengo la deni lisilolipika.

Hatua ya saba: kufunga mwaka

Baada ya malimbikizo kuingia, hamisha ziada ya uendeshaji na ya ruzuku ya lazima kwenda akiba ya hiari, ukibakiza akiba ya uendeshaji sawa na thamani ya mali za kudumu. Uhamisho huu unapita kwenye taarifa ya mabadiliko ya mali halisi, haugusi mapato wala matumizi.

Weka bakaa ya akiba ya hiari na jumla ya rejista ya ahadi upande kwa upande. Ahadi zikizidi akiba kwa mbali, SETA imeahidi fedha ambayo bado haijakusanywa, na bodi ijue kabla mkaguzi hajaisema. Akiba ikizidi ahadi, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 1999, kifungu cha 53(3), hairuhusu kulimbikiza ziada bila idhini ya maandishi ya Hazina. Andaa ombi hilo mapema, likiwa na rejista kama kiambatisho.

Taarifa za fedha ziwe kwa wakaguzi ndani ya miezi miwili, yaani 31 Mei. Wakaguzi wana miezi miwili ya kutoa ripoti, na ripoti ya mwaka hutoka ndani ya miezi mitano baada ya mwaka kufungwa. Ukihesabu kurudi nyuma, rejista ya ahadi inatakiwa iwe imefungwa kabla ya katikati ya Aprili. Ukikuta kosa la mwaka uliopita, GRAP 3 inataka urekebishe tarakimu za mwaka huo, siyo kulizika kwenye matumizi ya mwaka huu.

Kwa mhasibu wa mwajiri

Tozo ya 1% ni gharama ya watumishi, inaandikwa mwezi mishahara inapolipwa. Ruzuku, kwa kampuni inayofuata viwango vya kimataifa, iko chini ya IAS 20: itambue pale unapokuwa na uhakika wa kuridhisha kwamba masharti utayatimiza na fedha itakuja. Kwa ruzuku ya lazima hilo mara nyingi ni baada ya SETA kukubali mpango wako. Unaweza kuionyesha kama mapato mengine au kuipunguza kwenye gharama za mafunzo, mradi tu usibadilishe njia kila mwaka.

Ruzuku ya hiari inayokuja kabla ya mafunzo iweke kwenye mapato yaliyoahirishwa, kisha iachie kadiri gharama za wanafunzi zinavyotokea. Fungua akaunti yake ya leja, na kama mkataba unadai, akaunti yake ya benki. Tunza mahudhurio, nakala za mikataba ya wanafunzi na uthibitisho wa posho zilizolipwa kwenye faili moja kwa kila mwanafunzi. SETA ikija kukagua ripoti ya nusu muhula, faili hizo ndizo zitakazoamua kama awamu ya pili italipwa kwa wanafunzi 100 au 92.